Nyumba Iliyotunzwa na Watu Waliosahauliwa



Leo tunaleta mbele yenu ulizo moja, mulifikiri pamoja nasi. Nyumba iliyosimama kwa jasho la watu walioonewa, inafaa kutunzwa, ao inafaa kuachwa ianguke?

Ulizo hilo lilitupata katika inchi ya Namibia. Kazi ya kusindikiza magari ilitufikisha kwenye bandari ya Walvis Bay, kule watu wengi wa Lubumbashi wanakokwenda kuchukua mizigo. Tulipokuwa tukingojea makaratasi, ndugu mmoja dereva alipata safari ya kusini, tukafuatana naye mpaka muji wa Lüderitz. Kilometa 10 hivi kutoka hapo, katika mchanga wa jangwa la Namib, kuna muji unaoitwa Kolmanskop. Tangu mwaka wa 1956 hakuna mutu anayekaa humo. Mchanga umeingia kwa milango na madirisha, katika nyumba nyingine umefika nusu ya ukuta.

Habari ya muji huo ni hii. Katika mwaka wa 1908 Wajerumani ndio waliotawala inchi ile. Mutu mweusi mumoja, Zacharias Lewala, alikuwa akiondoa mchanga kwenye njia ya reli, akaona jiwe linalong'aa. Alikuwa amefanya kazi zamani katika migodi ya Kimberley, basi alijua ni almasi. Akalipeleka kwa mukubwa wake, August Stauch. Stauch akaomba ruhusa ya kutafuta almasi, akawa tajiri. Serikali ikafunga eneo kubwa la jangwa ili mutu asiingie. Lewala hakupewa sehemu yoyote katika utajiri ule. Na reli yenyewe iliyomupatia kazi, wafungwa Waherero na Wanama walilazimishwa kuijenga, na wengi walikufa.

Kisha Kolmanskop ikajengwa haraka. Kulikuwa na hospitali, shule, kiwanda cha barafu, na jumba kubwa la kuchezea dansi na michezo. Maji ya kunywa yaliletwa kwa meli kutoka Cape Town. Watu kutoka kaskazini, wengi wao Waovambo, walifanya kazi ya mikono kwa mapatano, wakikaa mbali na nyumba za wakubwa. Katika mwaka wa 1928 almasi kubwa zaidi ziligunduliwa kusini, karibu na mto Orange, na watu wakaanza kuuacha muji. Stauch mwenyewe alipoteza mali yake, akafa maskini katika Ujerumani mwaka wa 1947.

Basi, lile jumba la dansi limetengenezwa upya tangu mwaka wa 1980, na wageni wanalipa feza ili kuliona. Tuliingia. Mbao za chini zinang'aa. Jukwaa la kuimbia liko. Chini kuna njia ndefu ya mbao, Wajerumani walipoviringisha mpira muzito ili kuangusha vijiti. Mlangoni mutu alikuwa akifagia mchanga ulioingia usiku. Akatuambia ya kuwa kesho atafagia tena, maana upepo haupumziki.

Ndugu yetu dereva alikasirika. Alisema: "Wanafagia mahali walipochezea! Na wale waliochimba walilala wapi? Mchanga ule nyumba hii pia!" Tulikaa kimya, maana maneno yake yalikuwa na haki.

Lakini njiani tulifikiri hivi. Kama jumba lile lingefunikwa, nani angetueleza juu ya Lewala? Mchanga unafunika zambi ya mwenye nguvu sawasawa na unavyofunika taabu ya munyonge. Kuharibu nyumba si kumulipa aliyeonewa. Ni kumuondolea shahidi. Kwa hiyo tunasema, nyumba itunzwe. Lakini anayefagia sakafu afagie na habari pia. Mugeni akioneshwa jukwaa, aoneshwe na mahali pa wachimbaji. Bila hiyo, nyumba inang'aa na kusema uongo.

Sisi wana wa kanisa hili tunapaswa kulifahamu jambo hilo kuliko wengine. Papa Simon Kimbangu alikamatwa mwaka wa 1921, akakaa kifungoni miaka 30, akafa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka ile yote hatukuwa na hekalu. Waliolinda jina lake ni baba na mama zetu, waliosimulia watoto usiku kwa sauti ya chini. Hekalu la Nkamba lilikuja nyuma, likafunguliwa mwaka wa 1981. Ushuhuda ulitangulia mawe.

Hapa tunapaswa kuungama, maana dereva alipokasirika, zamiri yetu ilituchoma. Katika parokia yetu, sisi wenyewe ndio tuliopewa kazi ya kuandika kibao cha ukumbusho. Tuliandika majina ya wachungaji, na ya waliotoa bati na simenti. Kibao ni kizuri, tumekipaka rangi mara mbili. Lakini matofali yale yalifinyangwa kwa maji ambayo kina mama walibeba kichwani kutoka mtoni, asubuhi na jioni, wengine wakiwa na mimba. Hakuna jina lao hata moja. Tumemutendea mama yetu kama Lewala alivyotendewa.

Tuliporudi tulikwenda kwa mama mumoja muzee, tukamuomba atutajie wenzake. Alitaja majina 11. Saba wamekwisha kufa. Kisha akatuuliza: "Shemasi, siku ile mulipoandika kibao, sikuwa ninakaa katika nyumba hii hii?" Hatukuwa na jibu. Tuliomba musamaha, na majina yale yameandikwa.

Ndugu wapendwa, upendo, amri na kazi ndiyo njia tuliyofundishwa. Kazi isiyotaja mikono iliyoifanya inapungukiwa na upendo. Kila parokia iulize wazee wake sasa: nani alibeba maji, nani alipikia mafundi, nani alitoa kiwanja chake? Waulizwe wakiwa hai. Upepo haupumziki, na sisi pia tusichoke kufagia.

Bwana awabariki ninyi nyote. Amina.

Shemasi wenu