Mwigaji na Mrithi

Methali zetu mbili hugombana. Moja husema kuwa mwacha asili ni mtumwa. Ya pili husema kuwa nguo ya kuazima haisitiri maungo. Ya kwanza yamwamuru mtu ashike ya wazee wake. Ya pili yamwonya asijipambe kwa kisicho chake. Basi mtu akishika ya wazee, je, ameshika asili au amevaa nguo ya kuazima? Swali hili ni kongwe, lakini hivi karibuni lilinijia kwa mlango nisioutazamia. Mwanafunzi wangu mmoja aliniazima albamu ya muziki wa Marekani, Sleep's Holy Mountain, akaniuliza kama wapigaji wake ni wasanii au ni wezi.

Albamu hiyo ilitolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kundi liitwalo Sleep, la vijana watatu wa San Jose, California: Al Cisneros, mwimbaji na mpiga gitaa la besi; Matt Pike, mpiga gitaa; na Chris Hakius, mpiga ngoma. Ni roki nzito ya mwendo wa polepole. Gitaa hunguruma chini sana, ngoma hutembea kama mtu aliyebeba gunia mgongoni, na kipande kimoja cha sauti hurudiwa mpaka msikilizaji asahau kilianza lini. Wapenzi wa muziki huu huutaja kwa majina mawili: moja ni la maangamizi, na la pili ni la wavutao bangi. Sifa za bangi zimo katika nyimbo za kundi hili, nami siziungi mkono. Lakini kosa la kusifu kilevi ni shauri jingine, wala halijibu swali la wizi.

Shtaka la wizi halikosi ushahidi. Mtu aliyepata kusikia Black Sabbath, kundi la Birmingham, Uingereza, lililotoa albamu yake ya kwanza mwaka 1970, ataitambua mara moja sura ya baba katika uso wa mwana. Uzito ni ule ule, na mwendo ni ule ule. Lakini uzito huo wenyewe ulitoka wapi?

Mwaka 1965 Tony Iommi, kijana wa miaka 17, alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha mabamba ya chuma mjini Birmingham. Siku ile ile aliyokusudia kuiaga kazi hiyo, mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Kwa kuwa alipiga gitaa kwa mkono wa kushoto, vidole hivyo ndivyo vilivyokuwa vikibonyeza nyuzi. Mwingine angalitundika gitaa ukutani. Yeye aliyeyusha chupa ya plastiki, akafinyanga vifuniko mfano wa kastabini, akavitia ngozi, akavivaa. Akatafuta nyuzi nyembamba. Baadaye akazilegeza pia, zisimtese. Katika albamu Master of Reality ya mwaka 1971, baadhi ya nyimbo zilipigwa kwa nyuzi zilizoshushwa nusutoni tatu. Nyuzi zilipolegea sauti ilishuka, na iliposhuka ikawa nzito kama lango la chuma. Jeraha likazaa mtindo.

Hapa shtaka lazidi ukali. Vijana wa San Jose hawakukatwa na mashine. Jambo ambalo Iommi alilifanya kwa dhiki, wao walilifanya kwa hiari. Je, ni halali mtu mwenye miguu mizima kutembea kwa mkongojo wa kiwete, kwa sababu tu mwendo wake umempendeza? Nakiri kwamba mara ya kwanza nilisema si halali.

Nilibadili fikira nilipoitazama kazi yangu mwenyewe. Kila mwaka nafundisha mashairi ya mizani 16, yenye vina vya kati na vya mwisho. Hakuna darasani, nami nikiwamo, aliyeibuni kanuni hiyo, tumeikuta. Mshairi wa leo anayeitumia hatumwiti mwizi. Twamwuliza ametia nini ndani yake. Njia tunayoipita salama ilifunguliwa na mtu aliyechomwa na miiba. Hatudaiwi kuchomwa tena ndipo tuwe na haki ya kuipita. Twadaiwa kuifikisha mbele kuliko tulipoikuta.

Kwa kipimo hiki kundi la Sleep lina la kujitetea. Baada ya albamu ile liliingia mkataba na kampuni kubwa, likatunga wimbo mmoja usiokatika wa zaidi ya saa nzima. Kampuni ilikataa kuutoa, na kundi likavunjika. Toleo moja lilitoka mwaka 1999 kwa jina la Jerusalem. Jingine, refu zaidi, lilitoka mwaka 2003 kwa jina la Dopesmoker. Sisemi kwamba hasara ni ushahidi wa ubora, maana wapumbavu nao hupata hasara. Nasema kwamba mwigaji huchukua kwa wazee kile ambacho soko limekwisha kukikubali, na husimama pale soko linaposimama. Vijana hawa walichukua walichokipenda, wakakipeleka mahali ambapo hapakuwa na mnunuzi aliyewangoja.

Nilimrudishia mwanafunzi albamu yake pamoja na jibu hili. Aliniuliza tena: mtu atajuaje, kabla ya kulipa gharama, kama yeye ni mrithi au mwigaji? Sikuwa na jibu la hakika, ila nilimwambia hivi: nguo ya kuazima hurudishwa kama ilivyotolewa, na mwenye heshima huilinda isichafuke. Shamba la urithi halitunzwi hivyo. Asiyethubutu kulitia jembe, kwa kuwahofia waliokufa, atawaachia watoto wake pori.