Kosa Lina Upande, Kosa Lina Ukubwa

Nilipokuwa darasa la tano, mwalimu wetu wa hesabu alirudisha madaftari yakiwa mekundu. Maswali kumi, X saba. Kwa kila X, fimbo moja. Wiki iliyofuata nikakosa maswali ya namna ileile, vilevile, na mwalimu akasema maneno ambayo kila mtoto aliyelelewa kwa Kiswahili ameyasikia: kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Nilikua nayo maneno hayo. Leo kazi yangu ni kufundisha kompyuta, na kila siku naiona ikirudia kosa lake mara mia, mara elfu, na ni katika kurudia huko ndimo inamojifunza. Imenibidi niiulize upya methali ile.

Mwaka 1958, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeitwa Frank Rosenblatt alionyesha hadharani mjini Washington programu yake ya perseptroni ikiendeshwa kwenye kompyuta ya IBM 704. Ilipewa kadi, nyingine zina alama kushoto, nyingine kulia. Mwanzoni ilibahatisha. Baada ya majaribio kama 50 ikawa inazitofautisha. Baadaye ikaundwa mashine yenyewe, Mark I Perceptron, yenye seli 400 za kuhisi mwanga, na mota ndogo za umeme zilizozungusha vifaa vya kuongeza na kupunguza nguvu ya umeme, kama unavyozungusha kitufe cha sauti kwenye redio. Kujifunza kwake kulikuwa ni kuzunguka kwa vitufe vile. Na kanuni ya perseptroni ni fupi: ikipatia, usiguse kitu, ikikosea, sogeza vitufe kuelekea upande wa jibu sahihi. Inapopatia, ndani yake hakuna kinachobadilika. Kila inachokijua imekipata kwa kukosea.

Angalieni lile neno upande. X ya mwalimu wangu iliniambia nimekosa, basi. Haikuniambia kama jibu langu lilikuwa kubwa mno au dogo mno. Mashine ya Rosenblatt haikuachwa gizani namna hiyo. Na miaka miwili baadaye, 1960, Bernard Widrow na Marcian Hoff walitoa kanuni iliyoongeza jambo la pili: ukubwa wa kosa.

Tuijaribu kwa mchele. Modeli, yaani programu inayojifunza kwa mifano, inataka kujua bei ya kilo moja, na mfano pekee iliopewa ni mteja aliyenunua kilo 2 kwa shilingi 6,000. Inaanza kwa kudhani kilo ni 1,000. Inatabiri 2,000, imepungukiwa na 4,000. Kanuni inasema: chukua upungufu, zidisha kwa kilo, kisha tumia sehemu moja tu ya kumi. Hiyo ni 800, na bei inayodhaniwa inapanda hadi 1,800. Inatabiri tena: 3,600. Imekosea tena, lakini sasa kwa 2,400. Raundi ya tatu kosa ni 1,440, ya nne ni 864. Kila raundi imerudia kosa lilelile la kupunguza, na hakuna mwenye akili atakayesema haijifunzi.

Sasa tuseme mwenye kuisahihisha hana subira, na badala ya sehemu moja ya kumi anatumia sita za kumi. Bei inaruka kutoka 1,000 hadi 5,800, na utabiri unakuwa 11,600. Kosa lilikuwa 4,000. Sasa ni 5,600, upande wa pili. Irudishe kwa ukali uleule, bei ya kilo inakuwa hasi 920, yaani muuza duka akupe mchele na hela juu. Kosa limefika 7,840 na litazidi kukua. Mfano ni uleule, mteja ni yuleyule, jibu sahihi ni lilelile. Kilichoharibu ni uzito wa mkono unaosahihisha.

Kwa hiyo naona methali ile ina ukweli nusu. Kurudia kosa lisilopungua ni jambo la kuhofia. Kurudia kosa linalopungua ndiko kujifunza kwenyewe, na asiyepima hawezi kuyatofautisha hayo mawili. Kwake yote ni X.

Lipo pia kosa ambalo haliondoki kwa juhudi. Fikirini taa ya ngazi yenye swichi mbili, moja chini, moja juu. Ukibonyeza moja, taa inawaka. Ukibonyeza na ya pili, inazimika. Perseptroni ya tabaka moja, ukiipa hali za swichi zote mbili, haiwezi kujifunza lini taa inawaka, hata ukiisahihisha karne nzima. Inachoweza ni kuchora mstari mmoja ulionyooka kati ya "ndiyo" na "siyo", na hapa hakuna mstari mmoja unaotosha, mpaka iongezewe tabaka jingine. Udhaifu wa aina hii Marvin Minsky na Seymour Papert waliueleza kwa kina mwaka 1969. Nawafikiria wanafunzi wenzangu waliochapwa kwa hesabu za sehemu wakati hakuna aliyewahi kuwafundisha kugawanya. Walihitaji tabaka jingine. Fimbo haiongezi tabaka.

Na kosa ni kosa mbele ya nani? Modeli yetu haijui kwamba 6,000 ni haki, imeambiwa. Kama muuza duka alimpunja mteja, modeli ingeifuata bei ya dhuluma kwa bidii ileile. Hata uzito wa makosa tumeuamua sisi. Mfaransa Legendre alipochapisha mwaka 1805 njia ya kila kosa kuzidishwa kwa lenyewe kabla ya kujumlisha, kosa moja la 10 likawa 100, huku makosa kumi ya 1 yakibaki 10. Huo ni uamuzi kwamba mmoja aliyeumizwa sana asifunikwe na wengi walioguswa kidogo. Mimi naukubali, lakini tukumbuke kwamba ni uamuzi wa binadamu. Mashine inautii tu.

Nami sitafuti kosa liishe kabisa. Modeli isiyokosa hata mfano mmoja iliofundishwa nao huwa naitilia shaka, maana mara nyingi imekariri. Ipe mfano mpya, inaduwaa, kama mtahiniwa aliyekariri mitihani ya miaka iliyopita akakuta swali limegeuzwa.

Jambo moja mashine imetuzidi: haina haya. Siku ile ya X saba nilichana ukurasa njiani ili baba asiuone, na kwa kuuchana nikapoteza kumbukumbu pekee ya wapi nilipotea. Hofu ya kosa ilinifanya niutupe mfano wenyewe wa kujifunzia. Mwalimu wangu hakuwa mtu mbaya. Tulikuwa wengi, na kalamu yake ilikuwa moja. Lakini nawaomba walimu na wazazi wanaosahihisha madaftari usiku huu: kando ya X mwandikieni mtoto kama amezidisha au amepunguza, na kwa kiasi gani.