Bingwa Asiyetiliwa Shaka

Tarehe 11 Juni 2006, katika ukumbi wa Hammerstein mjini New York, mwanamieleka John Cena alivua fulana yake akairusha kwa mashabiki, kama alivyozoea kufanya kila alipopanda ulingoni. Ikarudishwa. Akairusha tena, ikarudi tena. Katika umati wote ule hakupatikana hata mmoja aliyetaka kwenda nayo nyumbani bure. Juu ya vichwa vya watu lilinyanyuliwa bango lililotangaza kwamba Cena akishinda patazuka ghasia. Waliojaa ukumbini walikuwa wafuasi wa ECW, kampuni ndogo ya mieleka iliyofilisika na mali zake kununuliwa na WWE, na kwao Cena alikuwa ndiye sura ya mnunuzi. Usiku huo alipoteza mkanda wa ubingwa kwa Rob Van Dam, baada ya mwanamieleka mwingine, Edge, kuingilia kati, na ukumbi ukalipuka kwa furaha.

Mieleka ya kulipwa ya Marekani hupangwa. Anayeshinda anajua kabla ya kupanda ulingoni kwamba atashinda, na anayeshindwa naye anajua. Jambo hili si siri: mwaka 1989 kampuni ya Vince McMahon yenyewe, ambayo leo inaitwa WWE, ililieleza baraza la seneti la jimbo la New Jersey kwamba mieleka yake ni burudani, ili isisimamiwe kama ndondi zinavyosimamiwa. Sasa basi, mtu anayesema kwamba Cena hakustahili ubingwa anasema nini hasa? Katika soka timu ikifunga imefunga, na anayelalamika anamlalamikia refa au bahati. Hapa hakuna aliyefunga. Hata hivyo mashabiki wamebishana juu ya miaka ya utawala wa Cena tangu alipomnyang'anya JBL mkanda huko Los Angeles, Aprili 2005, na wanabishana kwa uchungu wa watu wanaodai haki. Naamini kuna haki wanayoidai kweli, ingawa wengi wao huiita kwa jina lisilo lake.

Majina yasiyo yake ni mengi. Wapo wanaosema hakujua kupigana. Dai hili halisimami mbele ya pambano lake na Shawn Michaels mjini London, Aprili 2007, lililokaribia saa nzima na ambalo hata waliomzomea hulitaja kwa heshima. Wengine husema aliharibika alipoacha kughani matusi kwa mtindo wa kufokafoka na kuwa kijana mwema wa kusaluti, au kwamba kampuni iliwauza watu wazima ilipogeuza vipindi vyake viwafae watoto mwaka 2008. Hoja hizi zina ukweli kidogo, lakini ni ukweli wa ladha. Mtu huacha kutazama kisichomfurahisha. Hawa hawakuacha. Walikata tiketi, wakaketi, wakazomea mpaka sauti zikakauka, na wiki iliyofuata wakarudi.

Tazama kilichotokea tarehe 15 Agosti 2010, tena Los Angeles. Kundi la vijana wageni lililoitwa Nexus lilikuwa limevamia kampuni kwa muda wa miezi miwili, likipiga kila mtu na kuvunja hata vifaa vya ulingo. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu hadithi ilikuwa na kitisho ndani yake. Likaandaliwa pambano la watu saba kwa saba kati ya Nexus na kikosi cha Cena, la kutoana mmoja mmoja. Mwishoni Cena alibaki peke yake dhidi ya Wade Barrett na Justin Gabriel. Barrett akafunua zulia lililotandikwa chini nje ya ulingo, saruji ikaonekana tupu, akamkita Cena kichwa pale. Mtu aliyekitwa kichwa kwenye saruji, hata katika ulimwengu wa kuigiza, amekwisha. Wakamrudisha ndani. Gabriel akaruka kutoka kwenye nguzo ya kona, Cena akajiviringisha pembeni, akambandika mabega chini hadi hesabu ya tatu. Punde akamkunja Barrett miguu na shingo, Barrett akapiga mkono chini kuomba yaishe. Kitisho cha miezi miwili kilizimwa ndani ya dakika chache. Edge na Chris Jericho, waliokuwa upande wa Cena usiku ule, wamesimulia baadaye kwamba waliupinga mwisho huo.

Kilichoibwa pale ni shaka. Shabiki wa mieleka anajua kwamba matokeo yamepangwa, lakini hajui yamepangwa vipi, na katika upenyo huo mwembamba ndimo anamoishi. Akijua kwamba saruji haiwezi kumzuia Cena, kila saruji itakayofuata ni karatasi. Tumaini nalo hufa pale pale, kwa sababu hatutumaini jambo tulilo na hakika nalo. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba shida ya Cena ilikuwa kushinda mno. Mwenzake Undertaker alishinda kila pambano lake la WrestleMania, tamasha kuu la kampuni la kila mwaka, kwa zaidi ya miaka 20 na watu wakamwabudu, kwa sababu kila mwaka uliopita uliongeza hofu kwamba huenda mwaka huu ndio. Ushindi wake ulizalisha shaka. Ushindi wa Cena uliimaliza.

Roland Barthes, Mfaransa aliyeandika insha mashuhuri juu ya mieleka katika kitabu chake cha mwaka 1957, alishikilia kwamba ndondi ni hadithi inayojengwa mbele ya macho ya mtazamaji, ilhali katika mieleka kila tukio linajitosheleza: maumivu ni maumivu, aibu ni aibu, na hakuna anayekokotoa mwisho. Kwa kumbi za Paris za wakati wake huenda alisema kweli. Kwa mieleka inayooneshwa kwenye televisheni kila wiki, mwaka mzima bila likizo, maneno yake hayatoshi. Mtazamaji huyu ana kumbukumbu. Anafika ukumbini na mapambano mia moja kichwani, na pambano la leo analisoma kwa mwanga wa hayo mia moja.

Atatokea wa kunipinga kwamba watu hupenda hadithi ambazo mwisho wake unajulikana, na kwetu mfano wa kutolea uko karibu. Mtoto aliyesimuliwa visa vya Sungura anajua tangu mwanzo kwamba Sungura atamponyoka Simba, na bado anaitikia kwa shauku. Ni kweli, lakini tazama jinsi Sungura anavyoshinda. Ni mdogo, hana nguvu, kila mara lazima abuni hila mpya, na katika visa vingine Kobe humwaibisha. Mwisho unajulikana, njia haijulikani. Cena alikuwa mkubwa, mwenye misuli, tena mwenye baraka za kampuni nzima, na njia yake ilijulikana hatua kwa hatua: mapigo mawili ya bega, kumzungusha mpinzani na kumbwaga chali, kupunga kiganja mbele ya uso, ngumi ya kichwani, kisha kumbeba mabegani na kumtupa. Hata huku kwetu watoto waliucheza mfululizo huo vumbini bila kukosea hatua. Ilipofika hatua ya pili, mwenye kumbukumbu alikuwa amekwisha kuvaa koti.

Maneno hayo, mwenye kumbukumbu, yanafungua fumbo la ukumbi uliogawanyika. Kwa takriban miaka kumi, kila Cena alipotokea, nusu ya umati ilimwimbia aende mbele na nusu ya pili ikajibu kwamba hafai kitu. Ukisikiliza kwa makini, wito ulikuwa na sauti nyembamba za watoto na wanawake, na jibu likawa na sauti nzito za wanaume. Wengi wamesema ni mgongano wa maadili, au wa rika, au wa jinsia. Nadhani jambo lenyewe ni jepesi zaidi na ndilo zito zaidi: pande mbili zile zilikuwa zimetazama idadi tofauti ya mapambano. Mtoto wa miaka saba aliyemwona Cena akikitwa kwenye saruji alikuwa na shaka halisi, hofu halisi, na alipomwona akiinuka alipata furaha ambayo kaka yake hakuweza tena kuipata. Kitendo kimoja, ukumbi mmoja, na maana mbili ambazo hakuna iliyo ya uongo.

Kwa hiyo nawatetea watoto wale kwa moyo wote. Baadhi ya watu wazima waliwacheka kama wateja waliolaghaiwa kwa kofia na fulana za rangi kali. Lakini Cena ametimiza zaidi ya maombi 650 ya watoto wagonjwa kupitia taasisi ya Make-A-Wish, rekodi ya dunia iliyotambuliwa na Guinness mwaka 2022. Mtoto aliye katika matibabu magumu akimwomba mtu ambaye kazi yake ni kuinuka baada ya kukitwa kwenye saruji, ameielewa hadithi vizuri kuliko mhakiki yeyote. Anahitaji iwezekane kuinuka. Mhakiki naye anahitaji iwezekane kutoinuka. Kampuni ilijaribu kumpa kila mmoja chake kwa mtu yule yule, usiku ule ule.

Wazomeaji nao nawatetea, kwa sababu ambayo wao wenyewe huisahau wanapojisifu kwa ujuzi wao. Kuzomea kwao ndiko kulikoirudisha shaka. Mfano ulio bora ni Chicago, tarehe 17 Julai 2011. Mpinzani wa Cena, CM Punk, alikuwa nyumbani, na mcheza kwao hutunzwa. Katika hadithi, mkataba wake ulikuwa unakwisha usiku ule ule, na akishinda angeondoka na mkanda wa kampuni. Umati ulimzomea Cena kwa nguvu kiasi kwamba kwa mara ya kwanza baada ya miaka mtu angeweza kuamini kwamba waandishi watawaogopa watazamaji. Mwishoni McMahon alimtuma msaidizi wake akagonge kengele ili Cena apewe ushindi wa dhuluma. Cena akatoka nje ya ulingo akamtwanga ngumi msaidizi huyo, kwa kuwa hakutaka kushinda hivyo, na aliporudi ndani Punk akamnyanyua, akampiga goti la uso na kumbandika chini. Punk akapita katikati ya watu wake na mkanda begani. Pambano lile ni kubwa kwa sababu ya Cena sawa na lilivyo kubwa kwa sababu ya Punk. Bila bingwa ambaye sote tuliamini hawezi kuachwa apoteze, kupoteza kwake kungekuwa habari ndogo.

Halafu kuna Januari 2008. Cena alikuwa amechanika msuli wa kifua Oktoba iliyotangulia, na ilijulikana kwamba angekaa nje kwa miezi mingi. Katika Royal Rumble, pambano ambalo washiriki huingia mmoja baada ya mwingine, ukumbini Madison Square Garden mjini New York, mshiriki wa thelathini na wa mwisho alipotakiwa kuingia, muziki uliopigwa ulikuwa wake. Ulikuwa mji ule ule uliomrudishia fulana. Wakapiga yowe la furaha, wanaume wazima, mikono kichwani. Baada ya muda si mrefu wakakumbuka kwamba wanamzomea, wakaanza upya. Kwa nukta chache hizo hawakujua jambo linalokuja, na kumbe hiyo ilitosha wampende.

Siku hizi ni kawaida kusikia mashabiki wakisema walikosea. Walimwona mwaka 2014 akitupwa na Brock Lesnar mara kumi na sita kwa mtindo mmoja mpaka huruma ikawaingia, wakamwona mwaka 2015 akiuweka mkanda wake wa Marekani wazi kwa yeyote anayetaka kujaribu, akipigana na vijana wiki kwa wiki kama mtu mwenye deni, na sasa wanataka kuifuta miaka ile. Siwaungi mkono. Heshima ya leo haithibitishi kwamba hasira ya jana ilikuwa bure. Mwisho wa pambano la Nexus la mwaka 2010 ulikuwa mbaya siku ulipotendeka na ungali mbaya, hata kama mtendaji wake amekuwa mzee anayependwa. Tukiruhusu upendo wa baadaye usahihishe kila hukumu ya zamani, hakutakuwa na sababu ya kuhukumu chochote wakati kinatendeka, kwa vile mwenye madaraka atasema tu tungoje tumzoee.

Tarehe 13 Desemba 2025, mjini Washington, Cena alipigana pambano lake la mwisho, akiwa bingwa wa dunia mara 17 katika historia yake. Mpinzani wake, Gunther, akamkaba koo, Cena akaponyoka, Gunther akamkaba tena. Mtu ambaye kwa miaka mingi alivaa kofia na taulo zilizoandikwa kwamba hakati tamaa alipiga mkono akakubali kushindwa. Ukumbi ukazomea, na Triple H, anayesimamia hadithi za kampuni, akazomewa alipotokea. Wapo waliowabeza: miaka kumi mlitaka apoteze, leo amepoteza mnalalamika. Sioni kujipinga hapo. Ni watu wale wale wakikataa jambo lile lile, yaani kuamuliwa na walio juu wahisi nini. Hata hivyo nasimama na uamuzi uliowaumiza, kwa kuwa hadi mkono ule ulipogusa mwili wa Gunther hapakuwa na mtu ukumbini aliyekuwa na hakika, na hilo lilikuwa jambo adimu kwa Cena. Walichopoteza waliozomea usiku ule ni kitu kingine. Mwaka 2006 na 2011 kuzomea kwao kulikuwa na mahali pa kwenda: kulikuwa na wiki ijayo, na mwandishi fulani mahali fulani alilazimika kukusikia. Safari hii wiki ijayo ya Cena haikuwapo.