Silikoni ama Raba

Volkswagen Beetle ya zamani ina kidirisha cha pembetatu mbele ya kioo kikubwa cha mlango. Ukikisukuma kidogo, upepo unakuja moja kwa moja usoni. Hiyo ndiyo ilikuwa AC ya babu zetu. Kilianza kuwekwa kwenye Beetle mwishoni mwa 1952, na kwa wanaofufua magari haya leo, ni kazi ya kuchosha roho.

Kioo kimekaa ndani ya fremu ya chuma yenye mfereji mwembamba, na kati ya kioo na chuma kuna utepe wa raba. Raba ikizeeka inakauka, maji yanatuama mferejini, kutu inaanza kula kutoka chini. Kukirudisha vizuri, fundi anatoa fremu mlangoni: anasaga ribiti ya juu, anafungua nati na springi ya chini. Anasugua kutu yote. Anakunja utepe mpya kwenye ukingo wa kioo, anapaka maji ya sabuni, kisha anakisukuma polepole, kidogo huku, kidogo kule. Akikigonga vibaya ukingoni, kinageuka changarawe. Raba inayobaki nje inakatwa kwa wembe.

Njia ya pili ni tyubu ya silikoni. Jaza mfereji, bandika kioo, ngoja kesho. Ukisimama nje huoni tofauti, maji hayaingii, mwenye gari analipa akicheka.

Sasa hapo nani ameibiwa?

Jibu la haraka ni hakuna, hasa kama mteja aliambiwa na akakubali. Mimi naona kuna mtu: yule atakayefungua fremu hiyo miaka ishirini ijayo. Silikoni ile yenye harufu ya siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula chuma mahali hakuna anayepaona. Halafu kioo kikishashikwa hivyo, kukitoa kizima ni bahati tu. Raba unaichomoa.

Tukiongea kuhusu maadili ya kazi huwa tunaishia kwa mteja. Usimdanganye, usimpandishie bei, basi. Lakini gari la miaka sitini limefika mkononi mwako likiwa bado linatengenezeka kwa sababu watu usiowajua walilifunga kwa namna inayofungulika. Nati zao umezifungua. Fadhila hiyo umeipokea, na wao hawapo uwalipe. Kwa hivyo deni linaenda mbele, kwa mtu ambaye pia humjui.

Kuna atakayeniambia, wewe unaandika tu, fundi ana kodi ya nyumba. Kweli kabisa. Utepe wa saizi sahihi huupati kila duka pale Grogan, mteja anapiga simu kila saa, na nani atalipia siku nzima ya kusukuma kioo kimoja? Ndiyo maana deni hili namwekea mwenye gari kwanza. Wengi wao pesa wanayo, ila wanaimwaga kwenye rangi na rimu kwa sababu hizo zinatokea kwenye picha. Alipie saa za fundi. Na kama kweli hana, afadhali raba chakavu ibaki ilivyo, kidirisha kivuje mvua ya Aprili, yeye aweke kitambaa mlangoni na aendelee kuutafuta utepe.