Huzuni Iliyobaki Baada ya Maradhi

Bismillahir Rahmanir Rahim. Ama baad.

Yajulikana ya kuwa maradhi ya Korona yalithibitishwa katika Tanzania mwezi wa Machi 2020, na hata kufika Mei ya mwaka ule ule hesabu za wagonjwa zikaacha kutangazwa. Misikiti haikufungwa. Watu wa Mwanga waliendelea kwenda sokoni, na wavuvi wa Ujiji wakaingia ziwani usiku kutafuta dagaa kama ilivyo ada yao. Kwa hayo wengi walidhani ya kuwa balaa ile imepita wala haikuacha athari.

Walakini athari ya maradhi si makaburi peke yake. Yuko mtu aliyemzika nduguye kwa haraka, watu wachache wakisimama mbali, wala matanga hayakukaliwa. Yuko aliyeogopa kuingia katika josho la babake, na khofu ile imegeuka majuto yasiyomwacha kulala. Yuko mzee aliyeweka akiba miaka mingi kwa ajili ya Hija, na Hija ya 2020 na ya 2021 zote mbili zikafungiwa wageni wote watokao nje ya Saudia. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 ya kuwa katika mwaka wa kwanza wa maradhi hayo wasiwasi na sonona viliongezeka ulimwenguni kwa asilimia 25. Na Ujiji, ijapokuwa i mbali na bahari, ni jamaa ya pwani tangu siku za misafara. Yaliyo katika nyoyo za wanaume wa huko hayako mbali na ya Mombasa, Tanga na Unguja.

Mtu wa namna hii hujulikana. Chakula hakina ladha kwake, moyo humwenda mbio pasi na sababu, huwakaripia watoto, na baraza aliyokuwa haikosi baada ya Isha sasa huipita kando. Akiulizwa husema ni uchovu. Na wenzake husemaje? Wengine husema amerogwa. Wengine, na hao ndio wabaya zaidi kwa kuwa husema kwa jina la dini, humwambia ya kuwa imani yake ni dhaifu.

Na watazame khabari za Nabii Yaakub, alayhi salaam. Alihuzunika juu ya Yusuf hata macho yake yakawa meupe, naye ni Mtume. Nani atakayesema ya kuwa imani yake ilikuwa pungufu? Waliomkemea kwa kumtaja Yusuf daima walikuwa wanawe, na hao ndio waliomtia Yusuf kisimani. Na Mtume Muhammad, salla Llahu alayhi wa sallam, alimlilia mwanawe Ibrahim machozi yakaonekana, na alikuwa akijikinga kwa Mwenyezi Mungu na hamu na huzuni katika dua zake. Mtu hajikingi na kitu kisichokuwapo.

Na yule aliyeogopa josho asidhani ya kuwa amemdhulumu babake. Wanazuoni wamesema, josho likishindikana hufanywa tayamamu, na dharura ina hukumu yake. Tena afaye kwa tauni huhesabiwa katika mashahidi.

Katika tauni ya Amwas, mwaka wa 18 wa Hijra, Sayyidna Umar aliirudisha safari yake kabla ya kuingia Sham. Abu Ubaida alipomuuliza kama anaikimbia kadari, alijibu ya kuwa anatoka katika kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu. Abu Ubaida akafa katika tauni ile, na Muadh bin Jabal naye, baada ya kufiwa na mwanawe. Amr bin al-Aas ndiye aliyewatawanya watu milimani. Basi mwenye kwenda kwa tabibu kwa ajili ya moyo wake, kama aendavyo kwa ajili ya homa, hakutoka katika tawakkul. Wa Mwanga ana Hospitali ya Maweni karibu naye, wala si aibu kusema mbele ya tabibu ya kuwa usingizi umemkimbia.

Na jirani yake asingoje kuitwa. Ampitie baada ya Isha, ampeleke barazani, amwagizie kahawa (kahawa yenyewe haijamponya mtu, mazungumzo yake ndiyo), na amwache amtaje marehemu mara nyingi kadiri apendavyo. Arubaini iliyokosekana mwaka 2020 haizuii dua wala sadaka leo. Waweza kukusanyika nyumbani mwake usiku wa Ijumaa, wasome khitima, na jina la marehemu litajwe kwa sauti mbele ya watu, jambo ambalo siku ile ya mazishi halikufanyika.

Wallahu aalamu.