Kinaa ya Aliyelazimika

Kila majira ya baridi, mji mdogo wa Quartzsite katika jangwa la Arizona, Marekani, hufurika magari ya kuishi. Uko kando ya barabara kuu nambari 10, kiasi cha kilomita 200 magharibi ya Phoenix, na wakazi wake wa kudumu hawafiki 4,000. Ifikapo Januari, ardhi ya umma inayouzunguka huwa imepokea maelfu kwa maelfu ya wageni. Wengi huelekea La Posa, uwanda wa changarawe na vichaka uliotengwa na serikali kwa wapiga kambi wa muda mrefu. Msimu wake huanza 15 Septemba na kuishia 15 Aprili, na kwa miaka mingi ada ya miezi yote saba ilikuwa dola 180. Hakuna nguzo za umeme wala bomba la maji mlangoni. Kila mtu huja na nyumba yake ikiwa juu ya magurudumu.

Mle kambini, gari-nyumba lenye ukubwa wa basi, ambalo bei yake inazidi ya nyumba nyingi za mjini, linaweza kuegeshwa jirani na vani kuukuu iliyong'olewa viti vya nyuma ili pawekwe godoro. Wenye magari hayo wanalipa ada ileile na kuota jua lilelile. Wote wawili wanaweza kusema, tena kwa moyo mweupe, kwamba wamegundua binadamu anahitaji vitu vichache mno ili aishi vizuri. Swali ni kama wanasema jambo moja.

Dini na falsafa zimesifu kinaa tangu zamani, lakini mara nyingi zimeizungumzia kama hali ya moyo. Jangwani, kinaa huanza na hesabu. Gari-nyumba la wastani hubeba maji safi lita 150 hadi 380. Bomba la kuogea la kawaida nchini Marekani linaruhusiwa kutoa hadi lita 9.5 kwa dakika, kwa hiyo mtu akioga dakika kumi kama alivyozoea nyumbani, ametumia lita 95. Akirudia mara mbili, tangi dogo limekauka. Ndiyo maana wazoefu hujilowesha, hufunga maji, hujisugua, kisha hufungua tena kwa muda mfupi tu wa kujisuuza. Vyombo hufutwa kwa karatasi kabla ya kuoshwa. Maji baridi yanayotoka kabla ya moto kufika hukingwa kwenye ndoo na kutumika chooni.

Umeme nao una ukali wake. Betri ya kawaida ya asidi, ya volti 12 na saa-ampea 100, ina nishati ya wati-saa 1,200 hivi, lakini ikishushwa chini ya nusu mara kwa mara hufa mapema. Zinazobaki za kutumia ni 600. Mgeni huweka hita ya gesi akidhani gesi ndiyo itakayoisha, kumbe feni inayosukuma joto hula karibu wati 100. Usiku wa jangwani ukiwa na baridi kali, saa sita za feni hiyo zinamaliza hisa yote, na alfajiri hita inazimika huku mtungi wa gesi ungali umejaa. Betri za lithiamu za kisasa huvumilia kutumiwa hadi karibu mwisho, ila nazo hazitaki kuchajiwa zikiwa chini ya nyuzi sifuri. Aliyewahi kuamka akitetemeka hujifunza kuelekeza paneli za sola kusini na kuziinua, kwa kuwa jua la Januari hupita chini. Hujifunza pia kutowasha jiko la gesi kama kipasha joto ndani ya gari lililofungwa, na kuweka king'ora cha kunasa monoksidi ya kaboni, kwani hewa hiyo haina harufu na huua watu usingizini.

Kisha kuna uchafu, mada ambayo wahubiri wa maisha mepesi huiruka. Gari-nyumba huwa na tangi la maji ya kuogea na kuoshea vyombo, na tangi jingine la choo. Valvu ya tangi la choo haiachwi wazi, la sivyo maji hukimbia na mzigo mzito hubaki ukigandamana. Kwenye kituo cha kumwagia, la choo hutangulia na la maji ya kuogea hufuata ili lisafishe mpira. Anayefanya kazi hiyo kwa mikono yake hawezi tena kudhani kwamba vitu hutoweka vikishavutiwa maji. Wala hawezi kujidai kwamba amejitenga na jamii. Kituo chenyewe ni cha serikali, gesi inatoka dukani, paneli zimetoka kiwandani.

Henry David Thoreau, baba wa ndoto hii kwa Wamarekani, hakuwa tofauti. Mwaka 1845 alihamia kibanda alichokijenga mwenyewe kando ya bwawa la Walden kwa gharama aliyoiandika hadi nusu senti: dola 28 na senti 12 na nusu. Ardhi ilikuwa ya rafiki yake, Ralph Waldo Emerson, na mji wa Concord, ilikokuwa nyumba ya mama yake, ulikuwa mwendo wa miguu. Wakosoaji hupenda kumcheka kwa hilo. Lakini thamani ya jaribio lake iko kwenye daftari la matumizi: alijua kila kitu kilimgharimu nini.

Msomaji aliyelelewa na madrasa hatauona ugeni hapa. Mapokeo ya Kiislamu yanasimulia kwamba Mtume alitawadha kwa mudd moja ya maji, kipimo kinachokaribiana na kibaba cha Waswahili, yaani chini ya lita moja, na alioga josho kwa kipimo cha swaa moja, ambacho ni kama pishi, lita tatu hivi. Maji yakikosekana, au yaliyopo yakihitajika kwa kunywa, sheria inaruhusu kutayamamu kwa udongo safi. Msafiri anapunguza sala za rakaa nne kuwa mbili. Fiqhi haikumwambia msafiri ajisikie ametosheka. Ilimpa vipimo, na ikamwondolea mzigo pale hali ilipobana.

Na Quartzsite ina kaburi linalomhusu msafiri wa aina hiyo. Mwaka 1856 jeshi la Marekani, likijaribu kutumia ngamia jangwani, lilimleta mchungaji wa ngamia kutoka milki ya Waothmani aliyejulikana kama Hadji Ali. Wamarekani walishindwa kulitamka jina wakamwita Hi Jolly. Mpango wa ngamia ulikufa, naye akabaki jangwani hadi alipofariki mwaka 1902. Mnara wa mawe wenye umbo la piramidi, na ngamia wa shaba kileleni, ulijengwa juu ya kaburi lake mwaka 1935. Wenye magari-nyumba husimama kupiga picha hapo. Mtu aliyeletwa kwa mkataba wa kazi, kazi ikaisha, akajifunza kuishi na kile jangwa lilichompa: ni vigumu kusema alichagua, na ni vigumu pia kusema alilazimishwa.

Hapo ndipo ugumu ulipo, na Quartzsite ya leo imeuongeza. Baada ya msukosuko wa fedha wa 2008, Wamarekani wengi wa makamo na wazee walipoteza nyumba, kazi au akiba. Baadhi waliingia barabarani kwa sababu kodi ya nyumba ilikuwa imeshinda pensheni. Mwandishi Jessica Bruder aliwafuata na kuandika kitabu kilichotoka mwaka 2017, Nomadland: watu wa miaka sitini na sabini wakisimamia kambi za misitu ya taifa majira ya joto, wakipanga bidhaa kwenye maghala kuelekea Krismasi, wakivuna viazisukari kaskazini, kisha wakirudi Arizona kupumzisha viungo. Filamu ya Chloé Zhao iliyotokana na kitabu hicho ilishinda Oscar ya filamu bora mwaka 2021, na baadhi ya wasafiri wenyewe waliigiza humo.

Je, mtu wa namna hii akisema ameridhika, tumwite mwenye kinaa?

Aristotle angesita. Kwake, tendo la adili lazima litokane na hiari, na mtu huhitaji walau kiasi cha mali ili aweze kuitekeleza hiyo tabia njema. Anayekula kidogo kwa kuwa hana zaidi hajaonyesha kiasi, ameonyesha njaa. Mwenye basi la kifahari, ambaye angeweza kuwa hotelini lakini akachagua lita 150 za maji, ndiye angepata sifa. Tokeo hilo lina walakini. Linamfanya tajiri aliye likizo kuwa mwanafunzi bora wa maadili kuliko mjane anayejua kuendesha wiki nzima kwa galoni chache.

Imamu al-Ghazali aliliona tatizo hili kwa jicho kali zaidi. Mwaka 1095 aliacha kiti chake cha ualimu Baghdad, akaingia safarini kwa miaka mingi, na katika Ihya Ulum al-Din aliwagawa mafukara kulingana na mioyo yao. Yuko anayechukia mali hata ikimjia. Yuko ambaye haifurahii wala haichukii. Yuko mwenye kinaa: angependelea kuwa nayo kuliko kuikosa, lakini tamaa haimsukumi kuihangaikia. Yuko mwenye pupa aliyezuiwa na kushindwa tu. Na yuko mudhtarr, aliyelazimika, ambaye kilichokosekana ni cha lazima, kama mwenye njaa asiye na mkate au aliye uchi asiye na nguo.

Uzuri wa mgawanyo huo ni kwamba haumwulizi mtu kama alichagua ufukara. Unamwuliza amekosa nini na moyo wake unafanya nini. Aliyekosa bafu kubwa anaweza kuwa na kinaa, awe alilikimbia au alinyang'anywa. Aliyekosa dawa ya moyo, au mahali pa kulala bila kugongewa dirisha usiku, yuko katika fungu jingine kabisa, na kumsifu kwa uvumilivu wake ni kumkwepa.

Tena mtu anaweza kuhama fungu. Inasimuliwa kwamba Diogenes, mwanafalsafa aliyeishi ndani ya mtungi mkubwa mjini Athens, hakuanza kwa hiari: alifukuzwa kwao Sinope kwa kashfa ya kuharibu sarafu. Baadaye, alipomwona mtoto akinywa maji kwa viganja, alitupa kikombe chake. Hakuchagua uhamisho, ila kikombe alikitupa mwenyewe. Bob Wells, mtu anayejulikana kuliko wote miongoni mwa wakazi wa magari wa Marekani, ana kisa kinachofanana. Alihamia kwenye gari mwaka 1995 huko Alaska baada ya ndoa kuvunjika na mshahara kushindwa kulipia kodi, na amesimulia kwamba mwanzoni alilia. Baadaye aliyapenda maisha hayo kiasi cha kuwafundisha wengine. Aliyageuza kuwa hiari baada ya tukio, na hakuna sababu ya kumnyang'anya sifa hiyo.

Lakini sifa hiyo ni yake kwa sababu alijitwisha mwenyewe. Kinaa anayoagizwa mtu na mwenzake ni kitu kingine. Mwenye nyumba anayemwambia mpangaji aliyefukuzwa kwamba vani inatosha hafundishi maadili, anajipunguzia deni. Methali ya Waswahili kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa inamlenga yeye. Wells mwenyewe hakuishia kuhubiri. Mkutano wake wa kila mwaka wa wakazi wa magari, ulioanza kama kikundi kidogo jangwani, hufundisha namna ya kufunga sola, kutunza gari na kuishi kwa bajeti ndogo. Mwaka 2018 alisaidia kuanzisha shirika la hisani, Homes on Wheels Alliance, ambalo huwatafutia magari yaliyotengenezwa vizuri watu wasio na makazi au wanaokaribia kuyakosa. Linaanza na paa linalofunga na mlango wenye kufuli.

Sheria inaonyesha jinsi mstari huo ulivyo mwembamba. Kwenye ardhi nyingi ya umma nje ya La Posa, mtu anaweza kulala garini bure kwa siku 14 katika kila kipindi cha siku 28, kisha ahame. Huyo anaitwa mpiga kambi. Akilala garini kwenye mtaa wa mji usioruhusu, ni mkosaji. Juni 2024, katika kesi ya mji wa Grants Pass wa Oregon, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kura sita dhidi ya tatu kwamba miji inaweza kuwaadhibu wanaopiga kambi kwenye ardhi ya umma, hata kama hawana pa kwenda. Tendo ni lilelile la kulala. Kinachobadilika ni anwani, na anwani nayo hununuliwa: wasafiri wengi wenye uwezo hujiandikisha South Dakota, jimbo linalokubali risiti ya kulala kambini usiku mmoja ili kutoa leseni ya udereva.

Baadhi ya majirani wameamua kuanzia kwenye mahitaji. Santa Barbara, California, ina mpango ulioanza mwaka 2004 ambapo makanisa, taasisi na ofisi za umma hukubali maegesho yao yatumiwe usiku na watu wanaoishi garini. Wanaokubaliwa huingia jioni na kuondoka asubuhi, huku wafanyakazi wa mpango wakiwasaidia kutafuta nyumba. Parokia inayojiunga na mpango wa namna hiyo huketi kwenye kikao na maswali ya kawaida kabisa: nani atafungua choo, taka zitachukuliwa siku gani, ni magari mangapi yanaingia bila kuwazibia njia waumini wa misa ya alfajiri.