Kunena Kweli na Kuijua

Mwaka wa 1644 mtawa wa Kifaransa, Marin Mersenne, alinena kwamba mbili 127 zikizidishwa pamoja, kisha ikatolewa moja, hupatikana namba tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa moja na kwa nafsi yake. Akasema vivyo hivyo juu ya mbili 67. Ushahidi hakutoa. Mwaka wa 1876 Édouard Lucas aliithibitisha ile ya kwanza, yenye tarakimu 39, akaibatilisha ya pili pasipo kutaja hata kigawo kimoja. Vigawo vilingoja hadi 1903.

Je, Mersenne aliijua ile ya kwanza? Namba ilikuwa tasa kabla hajazaliwa, na maneno yake yalikuwa kweli. Walakini kinywa kile kile, kwa yakini ile ile, kilikosea juu ya pili. Alibahatisha, ingawa namba hizo (sifa si haba!) huitwa kwa jina lake. Aliyejua ni Lucas, ambaye kigawo hakukiona.